Kujenga mtumbwi mwepesi nyumbani kwa mbao, epoksi na faibaglasi: naomba mwongozo kabla sijanunua vifaa

Mkazi wa Ilemela (Mwanza)

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Mwanza, upande wa Ilemela, mwendo mfupi kutoka ufukweni mwa Ziwa Victoria, na kwa muda mrefu nimekuwa na nia ya kujenga mwenyewe mtumbwi mwepesi wa kafi, wa watu wawili na mzigo mdogo, wenye urefu wa takriban mita 4.8 na upana usiozidi sentimita 90. Si chombo cha biashara wala cha kufungia injini. Ninataka mtumbwi ambao mimi na mwanangu tutaweza kuubeba mabegani kutoka uani hadi majini, tukavua kwa ndoana karibu na miamba na kurudi kabla upepo wa mchana haujakaza. Mitumbwi inayojengwa na mafundi wa hapa ziwani ni imara na ninaiheshimu, lakini imekusudiwa kubeba nyavu, dagaa na watu wengi, na kuivuta nchi kavu ni kazi ya kundi zima.

Nimesoma kuhusu njia mbili. Katika njia ya kwanza, fito nyembamba za mbao hulazwa juu ya fremu za umbo, kisha chombo chote hufunikwa kwa faibaglasi. Katika ya pili, mapande ya plaiwudi hushonwa kwa waya na kuunganishwa kwa epoksi. Nina useremala wa kutosha kutengeneza milango na makabati, nina msumeno wa mezani, randa ya umeme, na banda la bati lililo wazi upande mmoja.

Ninaomba kujua ni ipi kati ya njia hizo inanifaa, na kama ni ya fito, ni mbao zipi za kwetu zinazoweza kuchukua nafasi ya mwerezi mwekundu unaotumika Amerika ya Kaskazini. Vilevile, duka linalouza vifaa vya kurekebishia bodi za magari lina resini ya poliesta na mati ya faibaglasi kwa bei iliyo chini sana ya epoksi, na fundi mmoja ameniambia kwamba vyote ni gundi na kwamba tofauti ni jina tu. Je, ni kweli? Tena, je, faibaglasi ni lazima iwekwe ndani na nje, au nje pekee inatosha? Jambo la mwisho ni joto la huku kwetu, kwa sababu maelekezo mengi niliyoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hangaiko lao ni namna ya kuipasha epoksi moto ili igande.

Msafiri wa Ontario

Ndugu wa Ilemela, nia yako ni njema na inawezekana kabisa. Mimi ni mzaliwa wa Tabora ninayeishi Ontario, Kanada, si mbali na Peterborough, mji uliosifika katika karne ya 19 kwa kujenga mitumbwi ya mbao na ambao leo una Jumba la Makumbusho la Mitumbwi la Kanada. Mtumbwi wangu wa fito niliujenga kwenye gereji ya nyumba yangu, kwa hiyo nitaieleza njia hiyo kwanza, ingawa mwishoni nitakushauri uchukue ile nyingine.

Fito za unene wa milimita 6 na upana wa milimita 19 hivi hulazwa kwa urefu wa mtumbwi, mmoja baada ya mwingine, juu ya fremu za umbo zilizopangwa kila baada ya sentimita 30 kwenye meza ndefu iliyonyooka. Ukingo mmoja wa kila ufito huchongwa mfuo na ukingo wa pili huchongwa mviringo, ili ufito unaofuata ukae ndani ya uliotangulia hata pale umbo linapojipinda. Katikati ya fito hutosha gundi ya kawaida ya mbao, kwa sababu kazi yake ni kuzishika tu hadi faibaglasi iwekwe. Baadaye fremu zote huondolewa. Mtu aliyezoea vyombo vyenye mataruma, yaani mbavu za mbao za ndani, hushangaa hapo, kwa kuwa mtumbwi huu hauna taruma hata moja: nguvu yake hutokana na ngozi mbili za faibaglasi, ya nje na ya ndani, zilizoibana mbao katikati. Mtumbwi unapogonga jiwe, ngozi ya nje husukumwa na ya ndani huvutwa, na nyuzi za kioo zina nguvu nyingi sana katika kuvutwa. Ukiiacha ngozi ya ndani, mbao zitapasuka kwa kufuata urefu wa fito hata kama nje umeweka kitambaa mara mbili. Kwa mtumbwi wa fito, basi, faibaglasi ndani na nje ni lazima, na kitambaa kilichofumwa cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinatosha, tabaka moja kila upande, pamoja na tabaka la ziada nje, sehemu ya chini inayokwaruzwa na mchanga.

Kuhusu mbao, mwerezi mwekundu hupendwa kwa wepesi wake, kwani ukikauka huwa na kilo 370 hivi kwa mita ya ujazo. Ngozi ya mtumbwi wa ukubwa unaoutaka ina eneo la takriban mita 6 za mraba, hivyo mbao zake zote zitakuwa na uzito wa kilo 13 hivi. Ukitumia mninga au mvule, ambazo kwa kawaida huzidi kilo 600 kwa mita ya ujazo, utakuwa umefika kilo 21 au zaidi kabla hujaweka tone moja la epoksi. Saiprasi na paini za mashamba ya miti, kama zile za Sao Hill kule Mufindi, huangukia katikati, na ndizo ambazo ningezichagua mimi: zitakupa kilo 16 au 17, zinapasulika vizuri na zinashika gundi. Tafuta mbao ndefu zisizo na vifundo, kwa sababu ufito wenye kifundo hukatika unapoupinda. Mkangazi uuweke kando kwa ajili ya kingo za juu na viti. Mtiki uepuke kabisa kwenye sehemu zinazogundishwa, kwani mafuta yake huizuia epoksi kushika.

Hata hivyo, kwa mtu anayejenga chombo chake cha kwanza, ningekuelekeza kwenye plaiwudi. Kupasua fito, kuchonga kingo zake na kuzisawazisha kwa randa na msasa ni kazi ya miezi kwa mtu mwenye jioni na siku za mapumziko tu. Njia ya kushona ilibuniwa kwa ajili ya watu wasio mafundi wa vyombo: mashua ndogo ya Mirror, iliyobuniwa Uingereza na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell na kuingia sokoni mwaka 1963, ilijengwa hivyo kwa plaiwudi na waya wa shaba, na maelfu ya familia zilijijengea mashua hiyo majumbani mwao. Kwa plaiwudi ya milimita 4 utapata mtumbwi wa kilo 25 hivi, na kwa ile ya milimita 6 utakaribia kilo 35. Uzito wote huo watu wawili wanaubeba.

Fundi wa Likoni (Mombasa)

Ndugu wa Ilemela, kazi yangu ni faibaglasi: boti za wavuvi na za hoteli, matangi, na ukarabati wa kila namna. Ninatumia poliesta kila siku na sina ugomvi nayo inapotumika mahali pake, yaani ndani ya kalibu, ambapo boti nzima ni faibaglasi tupu. Aliyekuambia kwamba poliesta na epoksi ni kitu kimoja amekupotosha, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu mitumbwi mingi ya mbao iliyofunikwa nyumbani huharibikia hapa.

Poliesta haishiki mbao vizuri. Inapoganda hunywea, na kunywea huko huivuta kutoka kwenye uso wa ubao. Mwaka wa kwanza utauona mtumbwi wako ukimeremeta, kisha mahali fulani maji yatapata njia, gamba litaachia, na chini yake mbao itaanza kuoza bila wewe kuona chochote. Epoksi huingia kwenye vinyweleo vya mbao, hunywea kidogo sana, na inapogandishwa sawasawa mbao huvunjika yenyewe kabla ya kiungo kuachia. Kwa mtumbwi wa mbao, fedha unayoiokoa kwa kununua poliesta ni fedha unayoiazima kutoka kwenye umri wa chombo chako.

Mati nayo iache dukani. Zile nyuzi fupi zimeshikanishwa kwa gundi ambayo katika mati nyingi imekusudiwa kuyeyushwa na stirini iliyomo ndani ya poliesta, na epoksi haina stirini. Ukiipaka epoksi, mati itabaki ngumu, haitalala kwenye kona, na itakunywesha resini nyingi bila faida. Nunua kitambaa kilichofumwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalowaponza hata mafundi wazoefu. Poliesta hugandishwa kwa kichocheo. Ukiongeza matone inaganda upesi, ukipunguza inachelewa, na fundi huzoea kukadiria kati ya asilimia 1 na 2 kulingana na jua la siku hiyo. Epoksi haiendi hivyo hata kidogo. Resini na hadina yake, yaani kigandishi chake, ni viungo viwili vinavyoshikana molekuli kwa molekuli, na kila molekuli ya upande mmoja inahitaji mwenza wa upande wa pili. Ukizidisha hadina kwa nia ya kuharakisha, ile iliyozidi hukosa cha kushikana nacho na hubaki ndani ya gamba, na sehemu hiyo itakuwa laini kama mpira milele. Ukipunguza kwa sababu ya joto, matokeo ni yaleyale. Kasi ya epoksi huchaguliwa dukani, kwa kununua hadina ya polepole, wala haibadilishwi kikombeni. Kwa huku kwetu omba hadina ya polepole, au ile ya nchi za joto kama mtengenezaji anayo.

Uwiano umeandikwa kwenye kopo: kuna epoksi za 5 kwa 1, za 3 kwa 1 na za 2 kwa 1, na hadina ya aina moja haiendi na resini ya nyingine. Soma vizuri kama uwiano huo ni wa ujazo au wa uzito, kwa sababu resini na hadina hazina uzito sawa kwa ujazo uleule. Mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni inayopima gramu moja moja itakufaa kuliko kifaa kingine chochote bandani. Koroga dakika mbili kamili huku ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kwani resini iliyobaki pembeni bila kuchanganyika ndiyo itakayoacha madoa yasiyokauka.

Kuhusu joto, swali lako ni la msingi. Joto likipanda kwa nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi hupungua kwa takriban nusu. Isitoshe, epoksi yenyewe hutoa joto inapoganda, na ikiwa imejazana kikombeni joto hilo halina pa kutokea: kikombe cha nusu kilo kinaweza kuchemka, kutoa moshi na kuyeyusha plastiki ukiwa umekishika. Changanya gramu 150 au 200 kwa wakati mmoja, na mara tu ukimaliza kukoroga imwage yote mtumbwini au kwenye trei bapa, ambapo ikitandazika itapoa.

Kuna jambo la pili la joto ambalo watu wachache hulitaja. Mbao ina hewa ndani yake. Ukiipaka epoksi asubuhi, jua linapopanda hewa ile hutanuka, hutoka, na kuacha viputo chini ya kitambaa ambavyo hutaweza kuviondoa bila msasa. Ukianza alasiri, joto linaposhuka, mbao huvuta epoksi kuelekea ndani. Chini ya bati lako, ambalo huweka joto hata baada ya jua kupungua, ningengoja saa kumi jioni, huku mbao ikiwa imekaa kivulini kutwa. Lakini usiburute kazi hadi usiku, maana unyevu wa hewa ukipanda juu ya epoksi ambayo haijaganda utakuta asubuhi utando unaoteleza, wenye mguso wa nta. Utando huo huondolewa kwa maji safi na kisugulio, wala si kwa thina, na uondolewe kabla ya msasa, kwa sababu ukipiga msasa kwanza utausukuma ndani ya mikwaruzo na rangi haitashika.

Kitambaa kilaze kikiwa kikavu juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kinyooshe kwa viganja vilivyovaa glavu, kisha mimina epoksi katikati na uisambaze kuelekea kingo kwa kikwangulio cha plastiki. Kikilowa sawasawa kitambaa hupotea machoni na utaona mbao tu. Palipo na weupe bado pana kiu. Baada ya dakika 15 hivi rudi ukakwangue ziada, kwa sababu epoksi nyingi huinua kitambaa kutoka kwenye mbao na huongeza uzito bila kuongeza nguvu. Tabaka la pili na la tatu, yale ya kuziba mfumo wa kitambaa, yapake wakati lililotangulia linanata bado lakini halichafui glavu, maana hapo yatashikana kikemia bila kuhitaji msasa. Kwa kazi yote ya mtumbwi wako, panga kilo 8 hivi za epoksi, ukihesabu na viungo vya ndani.

Na glavu nimezitaja kwa makusudi. Mwili unaweza kuizoea epoksi kwa miaka, kisha ukaikataa, na ukishaikataa mzio huo hauondoki: ngozi huwasha na kuvimba kila unapoikaribia. Vaa glavu za nitrili. Ikikugusa usijisafishe kwa thina wala asetoni, kwani huipitisha ndani ya ngozi. Ifute kwa siki kisha osha kwa sabuni. Vumbi la epoksi iliyoganda nusu ni baya kuliko la iliyoganda kabisa, hivyo subiri siku kadhaa kabla ya msasa na uvae barakoa inayoziba vizuri.

Mkazi wa Ilemela (Mwanza)

Ninawashukuru sana nyote wawili. Mmenishawishi: nitatumia plaiwudi na epoksi. Nimezunguka madukani hapa mjini na nimeonyeshwa merini bodi, yenye uso wa kahawia unaong'aa. Muuzaji amesema ni ya majini na haiingii maji. Nyembamba kuliko zote aliyonayo ni ya milimita 12. Kuna plaiwudi nyingine ya kawaida ya milimita 6 isiyo na alama yoyote. Nifanyeje?

Mzee wa Pangani (Tanga)

Mwanangu, hiyo merini bodi usiinunue kwa kazi hii. Imetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Ule uso unaong'aa ni ngozi ya kuzuia zege kushika, na kinachozuia zege kushika kitazuia na epoksi yako. Isitoshe, unene wa milimita 12 haupindiki katika umbo la mtumbwi. Jina la majini limeivaa madukani kwa sababu gundi yake inavumilia maji, lakini ndani yake mara nyingi mna mapengo. Plaiwudi ya vyombo vya majini iliyo halali huwa na muhuri wa kiwango cha Uingereza cha BS 1088, na nyingi yake hutengenezwa kwa mti wa okume, unaotoka Gaboni na nchi jirani zake. Waulize wanaohudumia boti Dar es Salaam au Mombasa, na ukubali gharama ya usafiri ukiweza.

Usipoweza, ile ya milimita 6 ijaribu kwanza. Omba kipande, angalia kingo zake kwa makini kama tabaka za ndani zimekutana bila matundu, kisha kichemshe saa kadhaa, kikaushe na ukichemshe tena. Tabaka zikiachana, gundi yake si ya majini na hakuna epoksi itakayokuokoa. Zisipoachana, unaweza kuifanyia kazi, kwa sharti kwamba kila uso na hasa kila ukingo unanyweshwa epoksi, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji kwa kingo zake.

Vipimo vyako vimekwenda vizuri, sijui kama ulikusudia. Karatasi moja ina urefu wa milimita 2440. Ukiunga mbili kwa kiungo cha mshazari, uwiano wa 8 kwa 1, yaani mshazari wa milimita 48 kwa ubao wa milimita 6, unabaki na mita 4.83. Chonga mishazari yote kwa pamoja, karatasi zikiwa zimepangwa juu ya nyingine kwa ngazi, ili randa moja izipitie zote. Ile mistari ya tabaka za gundi itakuonyesha kama unakwenda sawa. Kabla ya kugundisha, nywesha nyuso zote mbili epoksi tupu, halafu ndipo upake iliyokolezwa kwa unga hadi ikawa nzito, la sivyo mbao itainyonya ile ya kiungo na kukiacha kikavu.

Katika kushona, toboa matundu kila baada ya sentimita 10 au 15, sentimita moja kutoka ukingoni, na tumia waya wa shaba unaotoka kwenye nyaya za umeme. Usikaze mpaka mapande yote yamekutana. Kisha chukua vijiti viwili vilivyonyooka, uvilaze kukingama kingo za mtumbwi, kimoja karibu na omo, yaani mbele, na kingine karibu na tezi, yaani nyuma, na uchungulie kwa jicho moja. Visipolingana chombo kimejinyonga, na wakati wa kukinyoosha ni huo, kwani ukishaweka gundi utakipiga kafi kikienda kombo daima. Epoksi ya kona za ndani ikoleze kwa unga laini wa mbao na silika mpaka ukiinua kijiti isidondoke, ipitishie kijiko kipana ili kona iwe ya mviringo, halafu juu yake laza utepe wa faibaglasi kabla haijaganda. Kwa chombo cha plaiwudi, utepe huo kwenye mishono ya ndani na kitambaa kizima nje kwenye sehemu ya chini vinatosha. Huhitaji kuvisha ndani yote kama ule wa fito.

Niongeze jambo ambalo sisi wa mbao za kale tunalijua kwa upande mwingine. Mashua ya mataruma, iliyopigwa kalafati ya pamba, huwa nzima ikiwa imelowa: mbao huvimba, mishono hufunga, na ukiiacha juani muda mrefu hufunguka. Sisi hutaka mbao inywe. Chombo chako wewe ni kinyume chake kabisa, maana uzima wake wote unategemea mbao iliyokauka na kubaki imekauka. Kwa hiyo hata kingo za juu na viti, kama utavitengeneza kwa mbao za kupasuliwa, zisiwe mbichi zilizotoka shambani wiki iliyopita. Zipange kwa vijiti katikati, kivulini, upepo upite, hadi unyevu wake ushuke kufikia asilimia 12 au chini yake.

Mvuvi wa Kilwa

Shikamoo mzee wa Pangani, na salaam kwa wengine. Nina mtumbwi wa kuchonga wa mwembe ambao umeanza kupasuka na kuliwa na wadudu wa baharini chini. Je, ninaweza kuufunika wote kwa epoksi na faibaglasi kama mnavyoeleza, ili uendelee miaka mingine?

Mzee wa Pangani (Tanga)

Marahaba. Sikushauri. Mtumbwi huo umenywa maji ya chumvi kwa miaka, na ukiuvika gamba nje utayafungia maji ndani, nayo yatauozesha haraka kuliko ulivyokuwa ukioza wazi. Tena ule si ubao mwembamba, ni gogo. Likikauka na kulowa hutanuka na kunywea kwa nguvu ambayo kitambaa chembamba hakiwezi kuishika.

Fundi wa Likoni (Mombasa)

Ninakubaliana na mzee. Wateja huniletea vyombo vya namna hiyo mara kwa mara na huwarudisha. Ukitaka kuokoa sehemu iliyopasuka, upindue mtumbwi kivulini miezi kadhaa, ondoa mbao yote iliyolika hadi ufike kwenye mbao ngumu, kisha zibia kwa kipande cha mbao ya aina ileile kilichogundishwa kwa epoksi. Fanya hivyo mahali penye ufa tu, na ndani uache pawe wazi papumue. Wale wadudu watobozi ni wa maji ya chumvi. Ndugu yetu wa Ziwa Victoria hana shida nao.

Mkazi wa Ilemela (Mwanza)

Mzee wa Pangani, shikamoo na asante. Nimepata plaiwudi ya milimita 6 ya okume kutoka Dar es Salaam. Nimebakiwa na swali la rangi: ningependa mbao ionekane kwa vanishi. Na kwa kuwa mwanangu atakuwa ndani, ninauliza pia kuhusu usalama endapo mtumbwi utapinduka.

Msafiri wa Ontario

Vanishi inapendeza, lakini fikiria mahali ulipo. Epoksi huharibiwa na miale ya jua: hugeuka njano, kisha hutoa chokaa na kuachia kitambaa. Vanishi yenye kinga ya miale hiyo huilinda kwa tabaka tano au sita, nayo huhitaji kupakwa upya mara kwa mara, na kwa jua la Ikweta muda huo utakuwa mfupi kuliko wa kwetu huku. Rangi huziba miale yote. Mimi ningepaka nje rangi nyeupe au nyingine hafifu, na vanishi niiweke kwenye kingo na viti tu, ambako uzuri wa mkangazi utaonekana. Rangi nyeusi au ya buluu iliyokolea usiiguse, kwa kuwa epoksi iliyoganda bila kupashwa joto huanza kulainika inapofika nyuzi joto 50 au 60, na chombo cheusi kilichoachwa juani mchana hufika huko. Tena baadhi ya rangi za mafuta na vanishi hukataa kukauka juu ya epoksi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plaiwudi kilichobaki.

Kuhusu usalama, mbao yenyewe itaelea, lakini mtumbwi uliojaa maji hautawabeba. Jenga vyumba viwili vya hewa vilivyozibwa, kimoja omo na kimoja tezi, kwa kuweka kiambaza cha plaiwudi na kifuniko juu. Lita moja ya hewa iliyofungiwa humpunguzia mtu mzigo wa takriban kilo moja, hivyo vyumba viwili vya lita 50 hadi 60 kila kimoja vitauwezesha mtumbwi kukaa juu vya kutosha ili mshike kingo na kuukumba maji. Majaketi ya kujiokolea ni ya kuvaliwa, si ya kukaliwa. Pitia pia ofisi ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) hapo Mwanza uulize masharti ya usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo kabla hujaanza kuvua.

Kila chumba kiwekee kizibo cha skrubu, na ukifungue kila unapouhifadhi mtumbwi. Hewa iliyofungiwa hutanuka mchana chini ya bati na kunywea usiku, na ikifanya hivyo kila siku hufungua viungo vya kiambaza. Uhifadhi umepinduliwa, ukiwa umeegemea kingo zake juu ya fremu mbili za mbao, na sio chini kwenye udongo wenye mchwa.

Mzee wa Pangani (Tanga)

Kweli. Na kizibo hicho ukifunge kabla ya kuubeba kwenda majini. Mkabidhi mwanao kazi hiyo, iwe yake kila safari.